Wimbo wa rap usome kama leso ya mama

Juzi dereva mmoja wa tuktuk kaniletea flashi nimjazie nyimbo. Kazi yangu ndo hiyo hapa Malindi, nauza chaja na kava za simu alafu najazia watu nyimbo, na madereva wa tuktuk ndo wateja wenyewe manake bila mziki abiria vijana hawapandi. Akanambia nisisahau ile ya 2Pac, yule rapa wa Marekani, anayomwimbia mamake. Nikamuuliza, mle ndani anasema nini? Akacheka. "Si anamsifu mamake, kwani kuna nini tena?"

Sawa, anamsifu. Lakini humo humo anamwambia alikuwa mtumiaji wa kreki, ile kokeini ya kuvuta, na bado ni malkia wake, na huyo mama ana kisa chake, Afeni Shakur alikuwa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi wa Marekani, akashtakiwa New York na wenzake kwenye ile kesi ya Panther 21 kwamba walipanga kulipua majengo, akajitetea mwenyewe kortini bila wakili na tumbo la mimba liko mbele, wakashinda kesi Mei 1971, na mwezi uliofuata, Juni 16, ndo kazaliwa Tupac. Yani mtoto kashalala jela kabla hajazaliwa. Na wimbo wenyewe, Dear Mama, ulipotoka 1995 huyo mtoto naye yuko ndani. Dereva kanitolea macho, "We! Miaka yote hii naupiga nikienda Maweni na kurudi." Nikamwambia basi umekuwa ukibeba mzigo hujui ndani mna nini.

Kwa vile si yeye wa kwanza kuniuliza, naandika hapa vile mimi huwa nafumbua wimbo, anayetaka achukue.

Mamangu ni mtu wa Lamu, Langoni, na mimi kusoma mafumbo sikufundishwa na Mmarekani, nimefundishwa na leso, yani khanga hizi zenye maandishi. Kuna mwaka alikosana na jirani kwa sababu ya maji machafu yaliyokuwa yakipitia mlangoni petu. Hakuna aliyepiga kelele. Kesho yake mama katoa leso sandukuni, imeandikwa HASIDI HANA SABABU, kajifunga, kapita mbele ya baraza la yule jirani polepoleee anaenda dukani kununua kitu ambacho nyumbani kipo. Basi, mtaa mzima ukajua. Sasa mchukue mgeni umpe kamusi, maneno ni matatu tu, atayapata yote matatu na hatajua kitu. Ili ujue lazima ujue nani kavaa, kapita mbele ya nani, siku gani, na jana yake kulikuwa na nini. Hayo maswali manne ndo nayapeleka kwenye kila wimbo wa rap, uwe wa Bronx kule New York uwe wa Dandora Nairobi, kamusi inakuja nyuma kabisa.

Na kama unadhani kuficha ujumbe ndani ya mistari kumeletwa na santuri za Marekani mkumbuke Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wetu wa zamani wa Pwani. Kafungwa, walinzi mlangoni, kijakazi Saada anamletea chakula na kila kizuri walinzi wanakila wao. Liyongo kamtungia kijakazi maneno ampelekee mamake, afanye mkate, kati yake atie tupa, kile chuma cha kukereza. Mamake kafahamu, kafanya mikate mizuri na mmoja wa wishwa, yani pumba, tupa kaitia kwenye ule wa wishwa manake alijua walinzi hawaugusi. Alafu Liyongo kaomba lichezwe gungu, matoazi, watu waitikie kwa nguvu, na kelele zote zile zikiendelea yeye huku ndani anakereza pingu. Walinzi walisikia ngoma. Mamake alisikia tupa. Kila nikimskiliza rapa anayesema kitu kinachoonekana cha kipuuzi kwenye biti tamu najiuliza hapa tupa iko wapi.

Haya, kazi yenyewe.

Cha kwanza usifungue intaneti. Chukua daftari, vaa iyafoni, skiliza wimbo mara tatu na uandike kwa mkono wako unachosikia, usichosikia acha nafasi tupu. Kama jamaa anaenda mbio punguza spidi kwenye YouTube mpaka 0.75 utamkamata. Najua ni uvivu kila kitu kipo mtandaoni lakini ukisoma mistari ya mtu mwingine kwanza, sikio lako linakufa, utaanza kusikia alichoandika yeye hata kama si ndicho kilichoimbwa. Ukishamaliza yako ndo ukalinganishe na ya Genius au kwengine, ile tovuti ilianza 2009 kwa kazi hii hii ya kueleza mistari ya rap, ni nzuri, ila maelezo mengi yameandikwa na mashabiki kama mimi na wewe, na machache ndo ya msanii mwenyewe, kwa hivo angalia jina la aliyeandika kabla hujaenda kubishana nayo maskani. Na kwa nyimbo za Kiswahili hali ni mbaya zaidi. Nshaona mistari ya rapa wa Mombasa imechapwa na mtu ambaye wazi kabisa hajawahi kushuka chini ya Voi.

Ya pili ni mwaka, na hapa ndo watu wengi wanaangukia pua. Si mwaka uliotoka tu, mwaka uliorekodiwa. Pale maskani petu kulikuwa na jamaa mmoja alikuwa anaapa 2Pac yuko hai, na ushahidi wake ulikuwa Changes, kwamba mtu kafa Septemba 1996 vipi wimbo utoke 1998? Tukabishana hadi muuza kahawa akatukimbia. Jibu ni rahisi, 2Pac alirekodi 1992 hivi, ikakaa, akafa, wenye studio wakaitoa wakaitengeneza upya wakaiachia kwenye mkusanyiko wa nyimbo zake. Kinanda na kile kiitikio vimetoka kwa wimbo wa Bruce Hornsby wa 1986. Sasa ukishajua ni 1992 wimbo unafunguka wenyewe: mule anamtaja Huey, ni Huey Newton huyo, mmoja wa waanzilishi wa Black Panther, aliyepigwa risasi Oakland 1989, kwa hivo anaongea kuhusu kidonda cha miaka mitatu hivi, si historia ya zamani. Na ule mstari anaosema nchi haijawa tayari kumuona rais mweusi, ukiuskiliza baada ya Obama kuchaguliwa 2008 unaonekana kama jamaa kakosea, na ukiuskiliza kama mtu wa 1992 unaona alikuwa anasema alichokiona dirishani. Mwaka mmoja tu unageuza mstari mzima.

Kwa hivo juu ya ukurasa andika: kimerekodiwa lini, kimetoka lini, na mwaka huo pale mahali kulikuwa na nini. Uchaguzi? Mgomo? Mtu kauliwa? Bei ya kitu imepanda?

Mahali sasa. Neno moja linabadilika ukivuka daraja. Mfano ntakupa wa hapa hapa nyumbani: unga. Rapa wa Nairobi akisema unga umepanda, anaongelea pakiti ya unga wa sima, mambo ya tumbo. Rapa wa Mombasa au wa hapa Malindi akisema unga umemaliza vijana wa mtaa, hapo hakuna sima yakhe, hiyo ni heroini, na mateja anaowataja ni watu tunaowajua kwa majina, tumesoma nao madrasa moja. Neno moja, mwandiko mmoja, lugha moja. Mtu wa bara akikutafsiria huo mstari atakupa wimbo wa njaa na si wimbo wa njaa.

Au chukua Wagosi wa Kaya wa Tanga, wale walioimba Wauguzi wakawachana manesi hadharani. Mtu wa huku kwetu Kilifi kaunti akisikia kaya akili inaenda moja kwa moja msituni, kaya za Wamijikenda, wazee, mizimu, viapo. Nilidhani hivo miaka, nikiwaza hawa jamaa wana mambo ya kimila mazito. Wapi. Tanga na Usambara mgosi ni mwanamme, na kaya ni nyumbani, yani ni wanaume wa nyumbani, vijana wa hapa mtaani basi. Maneno ni ndugu lakini hayaishi nyumba moja. Ama bongo, ilikuwa ubongo, ikawa Dar es Salaam manake bila ubongo Dar huishi, ikawa Tanzania nzima, na rapa wa kule akisema chemsha bongo kakupa vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, ndo ngumu zaidi kwa sababu inaoza haraka, neno la leo mwaka kesho wanaliona la wazee. Kalamashaka wa Dandora, mtaa wenye lile jaa kubwa la taka la Nairobi, waliutoa wimbo wao mwishoni mwa miaka ya 1990 wakauita Tafsiri Hii, na jina lenyewe ni kama wanakutega, haya tafsiri tuone. Ukienda na Sheng ya sahizi ya TikTok kufungua mlango wa wakati ule, ufunguo hauingii. Dawa ni kumtafuta mtu aliyekuwa kijana wakati huo na mahali hapo. Mimi wateja wangu wa kava wengi ni watu wa bara waliokuja kufanya kazi za hoteli, kwa hivo nawauliza, nampunguzia mtu bei ya kava anieleze mistari minne. Kamusi ya bei rahisi kuliko zote.

Swali la nani anaongea limeniponza mimi mwenyewe kwa hivo nisitake kujifanya. Profesa Jay, rapa wa Tanzania, alipotoa Ndio Mzee, 2001, kwenye albamu ya Machozi Jasho na Damu, mimi nilikuwa mdogo na nikamchukia. Nikaona huyu jamaa mwongo, anaahidi watu vitu visivyo na kichwa wala miguu na watu wanamuitikia ndio mzee, ndio mzee. Kumbe ndo raha ya wimbo, anayeongea si Profesa Jay mwenyewe, Joseph Haule aliyezaliwa na mamake, ni mwanasiasa kwenye mkutano, na wale wanaoitikia ni sisi. Anayechekwa kwenye ule wimbo ni mgombea nusu, na nusu ni anayepiga makofi. Baadaye akatoa Siyo Mzee ambapo watu wamechoka wanamkatalia, kwa hivo ukiusikia wimbo mmoja bila mwenzake umesikia swali bila jibu. Cha kuchekesha 2015 huyo huyo Profesa Jay akachaguliwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema akakaa mpaka 2020, sijui kama kuna siku mtu alimsimamia mkutanoni akamwambia siyo mzee, mimi ningekuwepo ningesema.

Eminem alifanya kitu kama hicho 2000 na wimbo wa Stan, vesi mbili za kwanza ni barua za shabiki aliyechanganyikiwa, ya tatu kajirekodi kwenye kaseti akiendesha gari, ya nne ndo Eminem anajibu na jibu limechelewa. Ukidhani sauti zote ni moja utasema jamaa kichaa. Jina la yule shabiki sasa ni neno la Kiingereza kabisa, lipo mpaka kwenye kamusi zao, la mtu anayempenda msanii kupita kiasi.

Kwa hivo kila vesi andika pembeni: anaongea nani, na anamwambia nani. Usiandike jina la msanii bila kufikiri. Na ukimaliza hapo uliza tena, aliyeyaandika maneno ni huyu anayeyasema? Rapper's Delight ya 1979, wimbo wa rap wa kwanza kupasua dunia, yule Big Bank Hank, mmoja wa walioimba, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la piza New Jersey na mistari yake kaitoa kwenye daftari la rapa mwingine, Grandmaster Caz, tena hata hakuhangaika kuifuta, mule ndani anajiita Casanova, jina la Caz mwenyewe! Ni kama mtu kuazima leso yenye jina la ukoo wa mwenzake aende nayo harusini. Ukiujua huo mstari unaacha kuwa majigambo unakuwa ushahidi wa wizi.

Biti nayo inaongea, usiiache. Mziki wa hip-hop umezaliwa kwenye santuri za watu wengine, DJ Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika, Agosti 11, 1973, sherehe ya dadake pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, alikuwa anarudia rudia kile kipande cha ngoma tupu watu wacheze. Kwa hivo kila ukisikia sampo, yani kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, jiulize imetoka wapi na ule wimbo wa mwanzo ulisema nini, manake mara nyingi rapa anajibizana nao. Gangsta's Paradise ya Coolio, 1995, mwili wake ni Pastime Paradise ya Stevie Wonder ya 1976, na Stevie kwenye ule wake anawasema watu wanaoishi kwenye pepo ya jana, wanakumbuka tu hawaishi. Coolio kaichukua ile pepo kaiweka mtaani kwenye bastola, pepo ambayo si pepo. Stevie alikubali kwa sharti matusi yasiwemo, ndo maana ni wimbo wa magenge ambao unaweza kuupiga na mamako yuko sebuleni. Na mstari wa kwanza kabisa, lile bonde la uvuli wa mauti, ni Zaburi ya 23, rafiki yangu Mkristo ndo kanambia, mimi nilidhani ni Coolio kawa mshairi ghafla.

Hapo kwenye dini watu wa Lamu na Malindi tuwe makini sana, tuna ugonjwa wa kusikia neno moja tunalolijua na kumsilimisha mtu papo hapo. Nilipokuwa kijana nilisikia Rakim anajiita Rakim Allah, nikaenda kutangaza madrasani kuna rapa mkubwa New York Muislamu mwenzetu. Maalimu kanitazama tu. Rakim ni wa Five Percent, kundi lililoanzia Harlem 1964 na Clarence 13X aliyetoka Nation of Islam, kundi la dini la Weusi wa Marekani, na mafundisho yao wana hesabu zao, herufi zao, mwanamme mweusi kwao ndo anaitwa mungu, si Uislamu wa msikiti wa kwetu kabisa. Wu-Tang Clan, kundi la rap la New York, wamejaa maneno hayo hayo. Ukilijua hilo, mistari yao mingi iliyokuwa inaonekana fujo inakaa sawa, kwa sababu tarakimu zinazotajwa zina maana, ila ukiisoma kwa jicho la madrasa utatoka na tafsiri safi sana na ya uongo.

Bifu, yani ugomvi wa wasanii kwenye nyimbo. Hapa Pwani tusidanganywe, kudisiana ni kwetu. Lamu ilipoipiga Mombasa na Pate kule Shela mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya panga vilipoisha vya mashairi vikaendelea, Muyaka bin Haji kutoka Mombasa anatupa, Zahidi Mngumi wa Lamu anarudisha. Na Lamu kwenye kampeni za uchaguzi miaka ya 1970 kimondo kilikuwa kinawaka, watu wanatungiana mashairi ya kuumbuana yanarekodiwa kwenye kaseti yanazunguka mji mzima. Mamangu anakumbuka mistari mpaka leo na hataki kunambia ilimlenga nani manake wajukuu zao ni majirani.

Kanuni ya bifu ni moja tu, usisome upande mmoja. Rapa MC Shan aliimba The Bridge kuhusu Queensbridge, mtaa wa Queens New York, jinsi mambo yalivyoanza pale kwao. KRS-One na wenzake wa Bronx wakasikia huyu anasema hip-hop nzima imeanzia Queens, wakamshukia na South Bronx, akajibu, wakammaliza na The Bridge Is Over 1987. Shan mpaka leo anasema hakudai hivo, alikuwa anasimulia mtaa wake. Ukiuskiliza wimbo wenyewe kwa utulivu, unaona ana hoja. Lakini nani anauskiliza kwa utulivu wakati biti la kumtukana ni tamu vile? Kwa hivo ukipewa disi kaitafute iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, mpaka ufike kwenye maji machafu mlangoni.

Sasa niwaachie moja niliyoifanya mwanzo mwisho, na niliifanya nikiwa mtoto bila kujua nafanya nini. 2002. Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji iko kila mahali, kwa matatu, kwa harusi, kwa redio ya kinyozi. Shuleni kwetu tulijua ni Kiingereza kigumu, kuna mwenzetu mmoja msomi kalitafuta kwenye dikshonari ya ofisini akakosa, akatwambia dikshonari ni ya zamani. Tukaishi hivo. Siku moja nimetumwa Kisumu Ndogo kwa mama mmoja Mjaluo aliyekuwa akiuza omena, na redio yake inaupiga, nikamuuliza. Akacheka mpaka akakaa chini. "Bwogo ni kutisha. Huku mbele wameweka Kizungu, huku nyuma wameweka Kizungu, nyama ya katikati ni yetu." Asiyetishika. Kama sambusa, unga wa ngano wa watu, kima cha kwako.

Nilirudi nyumbani najiona profesa. Ila hiyo ilikuwa maana ya neno tu, wimbo bado. Ukiuskiliza wote, wale vijana wawili walikuwa wanajipa moyo wenyewe, wasanii wanaoimba Kidholuo kwenye soko gumu, sisi ni nani hata mtutishe, na wanawataja watu wakubwa wa kwao. Hakuna mahali wanasema piga kura. Alafu ikaja kampeni, muungano wa NARC ukauchukua, viongozi jukwaani wanasema sisi ni unbwogable, umati unarukaruka, na Desemba ile Kibaki akashinda, Kanu iliyotawala tangu uhuru wa 1963 ikatoka. Kufika hapo ukimuuliza mtu yeyote Malindi unbwogable ni nini hakwambii bwogo, anakwambia Kanu imeanguka. Ni maana ya wimbo au si maana? Mimi nasema ni maana, wimbo ukishavaliwa na umati una jina jipya kama vile leso ile ile ya mamangu ingevaliwa na bibi harusi ingesema kitu kingine. Ila ukiandika maelezo yako tenganisha, huku walichokusudia walioimba, huku walichofanya walioskiliza, usiwasingizie vijana wawili kwamba walikaa studio kupanga kuangusha serikali.

Intavyuu za wasanii naziacha karibu na mwisho kwa makusudi. Watu wanakimbilia huko kwanza, msanii kasema basi imeisha. Msanii naye ni mtu, ana kampuni, ana mke, ana kesi, akiulizwa mstari ule ulimlenga nani atasema haumlengi mtu, kama mamangu na leso yake, ukimuuliza atakwambia nimevaa tu, ilikuwa juu sandukuni. Intavyuu ya wiki ile wimbo umetoka na ya miaka ishirini baadaye zisome zote mbili, zikipishana usichague ile tamu, andika zote.

Kwenye daftari langu kila maelezo nayaekea herufi pembeni. S ni nilichosikia mwenyewe kwenye wimbo, W ni alichosema mwenyewe mwimbaji, K ni ninachokisia. Ukimaliza hesabu. Ukurasa ukijaa K ujue hujafumbua wimbo, umetunga wako. Na kabla hujamwambia mtu, tafuta mstari mmoja ndani ya wimbo unaokataa tafsiri yako, huwa upo, mara nyingi vesi ya pili ambayo hakuna anayeiskiliza. Ukiweza kuueleza na huo mstari bila kuupindisha shingo, hapo sawa, nenda maskani.

Dereva wangu karudi jana, flashi mkononi, safari hii hana haraka, katoa kigoda kakaa. Anataka Unbwogable. "Na hii," akasema, "hili neno maanake nini? Nitajie kabisa nisiaibike tena." Nikamwambia kwa siku unabeba Wajaluo wangapi kwenda Kisumu Ndogo? Akahesabu kwa vidole. Nikampa flashi yake.